Usibishane na Sauti Anazozisikia: Kumuuguza Nyumbani Ndugu Mwenye Skizofrenia

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na aamini mambo yasiyokuwepo. Naishi naye nyumba moja. Mimi ndiye ninayempa dawa, ninayekwenda naye kliniki, na ninayeamka usiku nikisikia nyayo zake zikienda na kurudi sebuleni. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye ndugu yake ameruhusiwa juzi kutoka wodini, akakabidhiwa mfuko wa vidonge na kadi yenye tarehe ya kurudi, na hakuna aliyemweleza aishi naye vipi mpaka tarehe hiyo ifike.

Nitasema mengi, lakini msingi wake ni mmoja. Kazi yako si kumlazimisha mgonjwa akubali kwamba anaumwa. Kazi yako ni kulinda usingizi wake, kulinda dozi zake, na kuhakikisha kwamba watu wa nyumba hiyo wanaongea naye kwa upole. Hayo matatu yanawezekana hata kwa mtu anayeapa kwamba ni mzima.

Kwanza jiondolee lawama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 23 duniani wana skizofrenia, yaani karibu mtu 1 kati ya 345. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya 20, na kwa wanaume hutangulia kidogo. Kuna sehemu ya kurithi, kuna mambo yanayotokea tangu mimba na wakati wa kuzaliwa, na kuna bangi kali inayovutwa ujanani. Malezi mabaya hayazai skizofrenia. Katika karne ya 20 baadhi ya wataalamu wenyewe waliwatwika kina mama lawama hiyo, na nadharia hiyo imeshatupwa. Nalisema mapema kwa sababu mtu anayejilaumu huuguza kwa hofu: humfuata mgonjwa kila hatua, humlia, humfanyia kila kitu, na yote hayo humchosha mgonjwa.

Ikiwa ndugu yako ana baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, au sonona kali inayokuja na maruweruwe (kusikia au kuona visivyokuwepo), sehemu kubwa ya haya itakufaa vilevile. Penye tofauti nitaitaja.

Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa

Usitarajie kumpokea yule yule uliyemzoea. Akili iliyotoka kwenye saikosisi, yaani kile kipindi ambacho mtu hatofautishi ya kweli na yasiyo ya kweli, huwa imechoka mno. Atalala saa nyingi, ataongea kidogo, atakaa akitazama ukuta. Kuna uchovu wa dawa na kuna uchovu wa ugonjwa wenyewe. Mwache alale. Wageni wa kumjulia hali waje mmoja mmoja, wasikae sana, na wasimuulize ilikuwaje. Redio na televisheni zisiwashwe kwa pamoja.

Sentensi zako ziwe fupi na zibebe jambo moja. "Maji ya kuoga yako tayari" inatosha. Usiunganishe humo humo habari za kliniki na za nguo za kufua. Akinyamaza kabla ya kujibu, subiri. Bado anayapanga maneno uliyosema, na ukirudia swali kwa sauti ya juu unamfanya aanze upya.

Wiki hizi zina hatari moja ambayo watu hawaitaji kwa jina. Uwezekano wa mgonjwa kujitoa uhai huwa mkubwa zaidi katika wiki na miezi ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Anaweza kuonekana ametulia kabisa, na pengine ni huko kutulia kunakomwonyesha yote yaliyompata: masomo yaliyokatika, kazi iliyopotea, marafiki waliokimbia. Kwa hiyo kabla hajafika, fungia dawa zote za nyumba hiyo, zake na za wengine. Sumu za panya na za wadudu zitoke kabisa. Visu vikali na kamba zikae mahali unapopajua wewe.

Na umuulize. Keti naye mkiwa wawili, umwambie, "Kuna wakati unawaza kufa?" Swali hilo halimpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo, wengi hupumua kwa kuulizwa. Akisema ndiyo, endelea: amefikiria namna gani, na lini? Akikutajia namna, asibaki peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anapokuambia anachosikia

"Dada, wamepanda juu ya dari tena. Wanasema wanajua ninachowaza."

Majibu mawili huja haraka mdomoni, na yote mawili yanadhuru. La kwanza ni "Hakuna mtu huko, ni mawazo yako tu." Ukweli ni kwamba anasikia. Uchunguzi wa ubongo kwa mashine umeonyesha kwamba mtu anaposikia sauti hizo, sehemu za ubongo zinazohusika na usemi na usikivu huwa zinafanya kazi. Ukimkatalia, imani yake juu ya watu wa darini haipungui. Inapungua imani yake kwako. Kesho hatakuambia, na hutajua tena kinachoendelea kichwani mwake. Jibu la pili ni kumkubalia: kupanda na tochi kwenda kuwafukuza. Hapo umempa ushahidi kwamba wapo.

Mimi humjibu hivi: "Mdogo wangu, mimi siwasikii. Ila naona umeogopa. Wanasema maneno gani?" Halafu nanyamaza, nakaa pembeni yake, si mbele yake. Akinijibu, "Wanasema nisilale," basi tumepata jambo ambalo wote wawili tunaliona: hajalala. Kuanzia hapo nauliza nini kitamsaidia alale, na dari naliacha. Kwake yeye kusikiliza muziki wa taratibu kwa vipokea sauti vya masikioni husaidia, na kuimba kwa sauti ya chini husaidia zaidi. Wengine husaidiwa na kusoma kwa sauti, au kutembea, au kuzipangia sauti hizo muda: "Nitawasikiliza saa kumi, sasa hivi nina kazi." Jaribuni pamoja, mwone lipi linamfaa.

Maswali mawili usiyaache kamwe: "Zinakuambia ufanye nini?" na "Unaweza kuzikatalia?" Sauti zinazomsema au kumtukana zinaumiza, lakini zile zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, na yeye akasema nguvu ya kuzikatalia inamwishia, hizo ni dharura.

Na yule anayeamini kwamba majirani wanamtilia sumu au kwamba simu yake inarekodiwa, njia ni hiyo hiyo. Usilete hoja. Imani ya namna hiyo haikujengwa kwa hoja, na hoja haifui dafu mbele yake. Sema, "Kuishi ukihisi unafuatwa lazima kunachosha sana." Hujaongopa, na hujamdharau.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa hiyo nilikalie kidogo. Watu wengi wenye skizofrenia hawajui kwamba wanaumwa, na si ukaidi wala aibu. Ugonjwa unagusa ile sehemu ya mtu inayojitambua, kama ambavyo baadhi ya waliopata kiharusi hukana kabisa kwamba mkono wao umepooza, huku umelala tu pajani. Unaweza kumwambia "kubali unaumwa" mwaka mzima usipate kitu isipokuwa uadui. Mdogo wangu hajawahi kusema ana skizofrenia. Anachosema ni kwamba ana kelele kichwani na hapati usingizi. Basi dawa kwetu ni ya kelele na ya usingizi, na kwa sababu hiyo huimeza. Mtafutie ndugu yako lile analolitaka mwenyewe, iwe ni kurudi kazini, kuendesha tena baiskeli au kutoulizwa maswali tena, kisha mwonyeshe namna dawa inavyomsogeza huko.

Sauti ya nyumba ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake jijini London waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali baada ya kukaa humo muda mrefu. Wakaona jambo la kushangaza: waliorudi kwa wazazi au wake zao walizidiwa tena zaidi ya waliokwenda kuishi na ndugu zao wa kuzaliwa au kwenye vyumba vya kupanga. Walipochimba zaidi, upendo haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa aina ya maneno: kukosoa kila mara, chuki ya wazi, na pia ule ukaribu wa kupindukia wa kumlilia mgonjwa na kumkinga na kila kitu. Mwaka 1976 watafiti Christine Vaughn na Julian Leff waliongeza kwamba katika nyumba zenye maneno makali, mgonjwa aliyekaa uso kwa uso na jamaa zake chini ya saa 35 kwa wiki alikuwa salama zaidi kuliko aliyekaa nao muda mrefu kuliko huo. Tangu hapo matokeo hayo yamerudiwa katika nchi nyingi.

Hilo linakupa mambo ya kufanya leo. Lalamikia kitendo kimoja, usimlalamikie mtu: "Sigara kitandani inanitia hofu ya moto, naomba uvutie nje," badala ya "Wewe hubadiliki." Msifu kwa jambo dogo aliloweza, hapo hapo. Na mpeane nafasi. Yeye awe na saa zake peke yake na wewe uwe na zako, bila yeyote kujiona amemtelekeza mwenzake.

Dawa

Kabla ya mwaka 1952, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kutumia klopromazini jijini Paris, hapakuwa na dawa iliyotuliza maruweruwe yenyewe. Watu wengi walimalizia maisha yao ndani ya hospitali za akili. Dawa za leo bado zinafanya kazi kwa njia ya karibu na ile, nyingi zikizuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo. Fahamu muda wake. Fadhaa na kukosa usingizi huweza kutulia ndani ya siku chache. Sauti na imani za njama huchukua wiki, pengine 6 au zaidi. Familia nyingi husema "dawa haifanyi kazi" wiki ya pili, wakati ndiyo kwanza inaanza.

Halafu inakuja siku anapojisikia mzima na kuuliza anameza za nini. Utafiti wa Delbert Robinson na wenzake uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia kwa miaka 5 watu waliokuwa wamepona baada ya kuugua mara ya kwanza. Walioacha dawa walikuwa katika hatari ya kuzidiwa tena karibu mara 5 kuliko walioendelea. Na wengi hawaanguki kesho yake; hupita wiki au miezi ya uzima, na ndiyo maana mtu huamini kwamba aliacha na hakuna kilichotokea. Kama anataka kupunguza, nendeni wote wawili kwa daktari mpunguze polepole. Kuacha ghafla ndiko kubaya zaidi.

Toa dozi saa ile ile kila siku, ukiifungamanisha na jambo ambalo halikosi, kama kupiga mswaki usiku. Mpe kidonge na maji, kaa naye mzungumze mambo mengine kidogo. Huna haja ya kumfunulia mdomo. Akisahau dozi moja, usimpe mbili pamoja. Vidonge vikibaki vya wiki moja ndipo uanze kushughulikia vingine, si siku vinapokwisha. Ikiwa kila siku ni vita, muulize daktari kuhusu sindano ya muda mrefu, ile inayochomwa kila baada ya wiki 2 mpaka 4 na nyingine hata miezi 3. Kwa familia kadhaa ninazozifahamu sindano iliondoa ugomvi wa kila jioni, na ugomvi ukiondoka, mengi yanapona.

Usimchanganyie dawa kwenye chakula kwa siri. Najua kishawishi chake. Mtu ambaye tayari anahofia kutiliwa sumu akigundua, na hugundua, umeithibitisha hofu yake kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa madhara ya dawa, maana hayo ndiyo huwafanya wengi waache, na mengine yanaua. Siku za mwanzo za dawa kama haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kujipinda upande mmoja, taya likakaza, macho yakapanda juu yakagoma kushuka. Inatisha kutazama, lakini kuna sindano inayoiondoa kwa dakika chache, kwa hiyo mkimbize hospitali.

Nyingine ni ya siri zaidi, na naomba uifahamu vizuri. Mdogo wangu alipoanza dawa moja aliketi, akainuka, akaketi. Aliposimama alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, huu kwenda ule, kama anapiga kwata mahali pamoja. Akiwa kitandani miguu ilisugua shuka bila kukoma. Mtu yeyote angesema ugonjwa umempanda. Nilimuuliza, "Ni kichwa ndicho kinakusumbua au miguu?" Akasema, "Miguu. Nikitulia nahisi nitapasuka." Hiyo inaitwa akathisia, na inatokana na dawa. Ikichukuliwa kuwa ni ugonjwa, dozi huongezwa, na mateso huongezeka mpaka mtu anaweza kutamani kufa. Ukiwaeleza kliniki kile ulichokiona miguuni, watapunguza dozi, watabadili dawa, au wataongeza kitu cha kutuliza.

Homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa vikija pamoja kwa mtu anayetumia dawa hizi, usisubiri asubuhi. Ni nadra, lakini huua.

Anayetumia klozapini, dawa wanayopewa wale ambao nyingine zimeshindwa kuwasaidia, lazima apimwe damu kwa ratiba, kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe za kinga. Wiki 18 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa. Homa au maumivu ya koo kwake ni sababu ya kupima damu siku hiyo. Klozapini pia hufunga choo, na kufunga huko kunaweza kufika mahali pa kuua, kwa hiyo muulize waziwazi kama amepata choo. Tena, akiacha sigara ghafla, kiwango cha klozapini, au cha olanzapini ambayo ni dawa nyingine ya kundi hili, mwilini hupanda, kwa kuwa moshi wa sigara ndio uliokuwa ukiharakisha ini kuivunja. Mjulishe daktari kabla.

Mwenye baipola anayetumia lithiamu, iliyogunduliwa faida yake na John Cade wa Australia mwaka 1949, anahitaji maji ya kutosha na kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu, saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kutapika na kuharisha kunaweza kuifanya ijae mwilini; dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki vilevile. Mikono ikitetemeka kupita kawaida, ulimi ukiwa mzito, akitembea akipepesuka, ni hospitali mara moja. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, uliza mapema kuhusu valproeti, dawa nyingine ya baipola, maana inadhuru kijusi.

Kuongezeka uzito na kupanda sukari ni mambo ya kawaida kwa olanzapini na klozapini. Mpime uzito kila mwezi, na uombe sukari na presha zipimwe kliniki hata wasipozitaja. Watu wenye magonjwa haya hufa mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na moyo na sukari. Akilalamika kifua kinamuuma, aaminiwe kama mtu mwingine yeyote.

Daftari

Nunua daftari moja la kawaida. Kila jioni andika mistari michache: amelala saa ngapi mpaka saa ngapi, dozi ameimeza au la, amekula vipi, kitu kimoja alichosema au alichofanya. Kliniki wanakupa dakika chache. Ukisema "hali si nzuri" hawana cha kushika, ukisoma "tangu Jumanne analala kwa saa tatu tu" wanajua cha kufanya.

Faida yake kubwa ni nyingine. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa hauanguki kama radi. Hutanguliwa na siku au wiki za dalili ndogo, na kila mtu ana zake, zinazojirudia. Mdogo wangu huanza kwa kufunika simu yake kwa taulo. Kisha anauliza kama dirisha la jikoni limefungwa, naangalia, namjibu, anauliza tena. Kisha usingizi unapungua. Mtu wa nje angeona taulo tu. Mimi napiga simu kliniki. Kwa mwenye baipola usingizi ndio kengele: akilala kwa saa tatu tu na kuamka ana nguvu, na ameanza kutoa ahadi na kutumia fedha, usingoje.

Soma daftari lote la kipindi kilichotangulia kuugua kwake mara ya mwisho, uandike dalili zake kwa mpangilio zilivyokuja, na umwonyeshe akiwa mzima. Mara nyingi atakuongezea zile ambazo hukuziona.

Siku za kawaida

Kutoinuka kitandani, kutooga, uso usioonyesha furaha wala huzuni: ndiyo sehemu ya ugonjwa ambayo dawa huigusa kidogo sana, na ndiyo inayoitwa uvivu. Usiiite hivyo mbele yake wala nyuma yake. Mpe kazi moja kwa siku, ile ile, yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, kama kumwagilia miche au kukunja nguo. Ikishika mizizi ongeza ya pili. Kuoga kukishindikana, kugawe vipande vipande: leo uso na meno tu.

Muulize maoni yake katika mambo ya nyumba. Mtu aliyeugua akili huishi akizungumziwa na wengine mbele yake kana kwamba hayupo. Mkiwa kliniki, mwache ajibu kwanza. Bangi, pombe na mirungi ni adui wa kweli, na utasema hivyo bila kuhubiri. Watoto wa nyumba waelezwe kwa maneno yao: mjomba anaumwa, wakati mwingine anasikia vitu ambavyo sisi hatuvisikii, si kosa lenu, na akianza kupiga kelele mnakuja kwangu.

Anapozidiwa

Wengi wenye magonjwa haya hawana ukatili. Wao ndio hupigwa na kudhulumiwa mara nyingi zaidi. Lakini mtu aliyejaa hofu anaweza kujihami, hasa akiwa amelewa au ameacha dawa, kwa hiyo jiandae.

Mtu mmoja tu aongee. Wengine watoke, watoto kwanza. Zima televisheni. Simama mbali naye zaidi ya urefu wa mkono, upande upande, mikono ionekane, na usizibe mlango: yeye aweze kutoka, na wewe uweze kutoka. Usimshike kabla ya kumwomba. Sema jina lake, sema uko naye, mpe uchaguzi wa mambo mawili madogo: "Tukae hapa au tutoke nje?" Akikuambia uondoke, sogea. Ukiona kisu, au ukihisi hofu tumboni, toka na uite msaada. Kwenye simu tamka mapema kwamba ni mgonjwa wa akili, taja kama ana silaha au hana, na useme nini humtuliza.

Kumfunga kamba au mnyororo, kumpiga, kumfungia chumbani: hayo hayatibu chochote. Yanaleta majeraha na hofu mpya, na siku akitulia atakumbuka nani alimfunga.

Njia bora ni kuandika mpango akiwa mzima, kwa maneno yake: apelekwe wapi, nani aende naye na nani asiende, dawa ipi ilimtesa, nani amtunzie simu na fedha. Asaini yeye, usaini wewe, nakala moja iende kwenye faili lake kliniki.

Wewe na wenzako

Anayeuguza naye huugua. Sonona na kukosa usingizi vinawapata walezi wengi, na ukianguka wewe, nyumba nzima inaanguka. Ndugu wakiuliza "tusaidieje," usiseme "mtuombee tu." Mpe kila mmoja jambo lenye siku na saa: wewe Jumamosi mchana kaa naye, wewe nauli ya kliniki ni yako, wewe utapiga simu kila Jumatano uzungumze naye yeye, si mimi. Tafuta watu wengine wanaouguza kama wewe. Kuna maswali ambayo wao tu watakujibu. Hasira itakujia. Toka, tembea, rudi ikiwa imeshuka.

Na uandae jalada la yule atakayeshika zamu siku usipokuwepo. Weka humo jina la ugonjwa kama daktari alivyoliandika, orodha ya dawa na dozi na saa zake, dawa zilizomdhuru, tarehe ya sindano inayofuata, namba ya kliniki, ule mpango wenye saini, na ukurasa mmoja wa mambo ambayo wewe peke yako unayajua. Wangu unaanza hivi: apigiwe hodi kabla ya kuingia chumbani, taa ya korido ibaki inawaka, na akifunika simu kwa taulo, kliniki ipigiwe siku hiyo hiyo.